Vipimo vya mama vimeshuka, mbona maumivu hayashuki?

Swali limetoka kwa kijana wa Kirumba, hapa hapa Mwanza, nalifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, anauza dagaa pale Mwaloni. Ana baridi yabisi mwaka wa tano sasa, anatumia methotreksati, vidole havivimbi tena kama zamani, ESR imeshuka na CRP wamesema iko sawa. Lakini bado analalamika mwili mzima, saa nne asubuhi kashachoka hoi, kanga ikimgusa tu begani anashtuka kwa maumivu, na siku hizi hata kwenye kikoba haendi. Kliniki walimwandikia amitriptilini, duka la dawa wakamwambia hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili, akagoma kuitumia. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu, wengine wanasema anadeka. Nimesoma kwamba seli za kinga zinaongea na mishipa ya fahamu, ni kweli? Na kuna mashine ya umeme inawekwa shingoni inatibu baridi yabisi, tunaipata wapi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na jibu lenyewe ili uwe na cha kuwaambia nyumbani leo leo: ndio ni kweli, seli za kinga na mishipa ya fahamu zinapeana taarifa saa zote, mchana na usiku, na mama yako hadeki hata kidogo. Anachokisikia ni maumivu kamili yenye njia yake mwilini, ila sehemu kubwa ya hiyo njia saivi iko mahali ambapo ESR na CRP hazifiki.

Maana hebu angalia hivyo vipimo vinapima nini. CRP ni protini inayotengenezwa na ini, na ini linaitengeneza kwa wingi likipokea kemikali moja ya seli za kinga inaitwa intaliukini 6. ESR yenyewe wanaweka damu kwenye kimrija wanaangalia chembe nyekundu zinashuka milimita ngapi kwa saa moja, na hata upungufu wa damu peke yake unaweza kuipandisha. Vyote viwili vinakwambia habari za damu, basi. Hakuna kinachokwambia habari za uti wa mgongo wala ubongo, kwahiyo daktari akisema "vipimo viko sawa" anasema kweli na mama akisema "naumwa" nae anasema kweli, hawapingani hao.

Sasa twende kwenye kidole chenyewe. Kiungo kina utando laini kwa ndani, na kwenye baridi yabisi ule utando unavamiwa na seli za kinga, makrofeji, seli T na wenzao, wanajaa pale na kumwaga kemikali zinazoitwa sitokaini, kubwa zikiwa TNF, intaliukini 1 na hiyo 6 niliyoitaja. Wengi wanadhani kazi ya hizo kemikali ni kuvimbisha tu. Lakini ncha za mishipa ya fahamu inayobeba maumivu zina vipokezi vya kemikali hizo hizo, yani seli ya kinga ikimwaga TNF mshipa unaisikia moja kwa moja, na ukishaisikia unakuwa mwepesi kuamka, mguso ambao jana haukuusumbua leo unausumbua. Kuna kipokezi kimoja kinaitwa TRPV1, ndicho kinachofanya ulimi uwake ukila pilipili, David Julius na wenzake kule Marekani walikigundua mwaka 1997 wakitumia kemikali ya pilipili yenyewe na mwaka 2021 akashinda Nobeli pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa kawaida kipokezi hicho kinafunguka joto likifika kama nyuzi 43, ila kwenye kiungo chenye uvimbe kinaweza kufunguka kwa joto la kawaida tu la mwili. Ndo maana mgonjwa anakwambia mkono unawaka moto, ukiugusa unakuta ni vuguvugu tu, na wala hajatia chumvi, mshipa wake umepeleka taarifa ya moto.

Alafu mshipa nao haukai kimya. Ukichokozwa unamwaga kemikali zake kwenye kiungo, mojawapo inaitwa sabstansi P na nyingine CGRP, hizo zinapanua mishipa ya damu na kuita seli za kinga zaidi zije, zikija zinamwaga sitokaini, mshipa unachokozeka tena, inakuwa mzunguko. Na kuna jambo madaktari waliliona miaka mingi kabla hata hizi kemikali hazijajulikana vizuri: mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, akija kupata baridi yabisi baadae, mara nyingi upande uliopooza unasalimika au unaugua kidogo, wakati upande usiopooza unavimba vidole vyote. Damu ni ile ile, seli za kinga ni zile zile zinazunguka pande zote mbili, kilichotofautiana ni mishipa ya fahamu. Mimi nikifundisha wanafunzi huwa naanzia hapo, kwasababu mtu akishaelewa hilo hawezi tena kusema ugonjwa wa kinga ni wa kinga peke yake.

Tupande juu sasa, kwenye uti wa mgongo, maana hapa ndo habari ya kanga ya mama yako ilipo. Ndani ya uti wa mgongo na ubongo kuna seli za kinga wenyeji, zinaitwa mikroglia, Mhispania mmoja Pío del Río Hortega ndiye aliyezieleza mwaka 1919, zinaingia ubongoni tangu mtoto yuko tumboni na zinabaki humo. Kazi yao ni kulinda na kusafisha, hata kupunguza viunganishi vya neva visivyohitajika. Mishipa ya maumivu ikipiga kelele miezi na miaka, mikroglia zinaamka zinabadilika umbo na kuanza kumwaga kemikali zao palepale neva zinapopokezana taarifa, na kwenye majaribio ya panya imeonekana wazi kwamba kemikali hizo zinadhoofisha zile breki ambazo kwa kawaida zinazuia mguso mwepesi usigeuke maumivu. Breki zikilegea, taarifa ya "kitambaa kimenigusa" inaingia kwenye njia ya maumivu na kufika ubongoni kama kidonda. Na hali hii ikishajijenga haiondoki siku ile ile uvimbe wa vidole unapoondoka, ni kama meli ikishapita ziwani, unaiona inaishilia mbali huko na mawimbi bado yanagonga mawe ya ufukweni.

Kwahiyo methotreksati imefanya kazi yake, usije ukadhani imeshindwa. Imetuliza kiungo. Uti wa mgongo unahitaji vitu vingine nitavyovitaja.

Na uchovu je? Hapa ningependa ndugu wote wasome, kwasababu uchovu na kukosa hamu ndo vinavyoleta maneno ya "anadeka" kwenye nyumba nyingi. Sitokaini zikiwa nyingi kwenye damu zinafikisha habari ubongoni kwa njia zaidi ya moja. Zipo sehemu chache za ubongo ambazo ukuta wake na damu ni mwembamba, zinapitia hapo, alafu kuta za mishipa ya damu ya ubongo zenyewe zikizisikia zinatengeneza kemikali nyingine inaitwa prostaglandini upande wa ndani, na kuna mshipa mrefu wa fahamu unaitwa vagasi unatoka kwenye shina la ubongo unapita shingoni kushuka kifuani na tumboni, huo nao unapeleka taarifa juu. Ubongo ukishapata hiyo habari unabadilisha tabia ya mtu: hali chakula vizuri, usingizi unaharibika, hataki watu, hataki kazi, mwili mzima unauma. Kwenye malaria au mafua ya siku nne hiyo ni busara ya mwili, inakulaza ili nguvu iende kupambana na ugonjwa. Shida inakuja pale ugonjwa unapokuwa wa miaka mitano na ubongo umebaki kwenye hali ile ile ya "lala, usitoke, usitumie nguvu".

Hili limejaribiwa kwa watu wazima wenye afya njema kabisa. Wamechomwa kiasi kidogo cha kemikali kutoka kwenye ukuta wa bakteria, ndani ya masaa machache wakawa wachovu, wanyonge, wanataka kukaa peke yao, na maumivu madogo wanayasikia makali. Hata chanjo ya taifodi imeshatumika kwenye utafiti wa namna hii na ikaonekana inashusha moyo kwa masaa kadhaa. Na wale wagonjwa wa homa ya ini C waliokuwa wanatibiwa na sindano za interferoni, ambayo nayo ni kemikali ya kinga, karibu theluthi moja yao walipata sonona wakiwa kwenye dozi, watu ambao wengi wao hawakuwa nayo walipoanza. Hakuna aliyewaroga wala aliyewafundisha kudeka, ni kemikali ya kinga imeingia na hali ya moyo ikabadilika.

Utafiti mmoja naupenda sana ulifanyika Erlangen, Ujerumani, ukatoka mwaka 2011. Waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa inayozuia TNF kisha wakaangalia ubongo wao kwenye mashine ya MRI. Ndani ya masaa 24 tu zile sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu zilikuwa zimepoa, wakati viungo vyenyewe bado vimevimba vile vile, uvimbe unachukua siku na wiki kushuka. Ubongo uliipata nafuu kabla kidole hakijaipata. Ukiligeuza upande wa pili unapata kisa cha mama yako, kidole kimepata nafuu na ubongo bado.

Kitu kingine kidogo ambacho pengine umekiona nyumbani bila kujua sababu. Biashara ya dagaa inaanza mapema, mama inabidi aamke saa kumi au kumi na moja alfajiri awahi mzigo, na nina hakika hiyo ndo saa vidole vyake vinakuwa vigumu kuliko wakati wowote, kushika ndoo shida, kufunga kanga shida. Kwenye baridi yabisi intaliukini 6 na TNF zinapanda usiku wa manane kuelekea alfajiri, na homoni ya kotisoli inayozituliza inakuwa chini usiku inakuja kupanda karibu na asubuhi, kwahiyo anaamka wakati mbaya kabisa kwa ugonjwa wake. Kama kuna mtu anaweza kumpokelea mzigo yeye akafika saa mbili, hiyo peke yake ni tiba, nasema kwa dhati.

Mawasiliano haya yanaenda pande zote mbili, ubongo nao unaiamuru kinga, na hapo ndo inakuja mashine uliyoiuliza. Mwaka 2000 Kevin Tracey na wenzake Marekani walionyesha kwa wanyama kwamba ukiusisimua mshipa wa vagasi kwa umeme, TNF inashuka. Njia yenyewe ikaja kueleweka zaidi: taarifa inashuka na vagasi, inapokelewa na mshipa unaoenda kwenye bandama, pale kuna seli T zenye uwezo wa kutoa asetilkolini, kemikali ambayo tumezoea kuiita ya mishipa ya fahamu, na makrofeji zikiipokea zinapunguza kumwaga TNF. Seli ya kinga inatumia kemikali ya neva kuituliza seli nyingine ya kinga! Mwaka 2016 yakatoka majibu ya wagonjwa 17 wa baridi yabisi waliowekewa kifaa kwenye vagasi, TNF yao ilishuka na wengi wakapata nafuu, kifaa kikizimwa hali inarudi, kikiwashwa inashuka tena. Na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha kifaa cha aina hiyo kwa watu wazima wenye baridi yabisi ambao hata zile dawa kali za kisasa za kibailojia hazikuwafaa au hawakuzivumilia.

Soma hapo mwisho tena. Mama yako hajafika huko, uvimbe wake umeshuka kwa methotreksati, kwahiyo hata angekuwa anaishi Marekani wasingempa hicho kifaa. Kinawekwa kwa upasuaji shingoni. Hizi mashine zinazotembezwa mitaani na kwenye semina za hoteli, za kushika mkononi au kuweka miguu kwenye beseni, wanakwambia zinasafisha mishipa ya fahamu, hazihusiani kabisa na hiki nilichokieleza, usitoe hela ya mama ya kikoba kwa ajili ya hizo.

Nigusie haraka kwamba hii habari haiko kwenye baridi yabisi tu, na sisi wa kanda ya ziwa tunaiona kwa sura nyingi. Kwenye ukoma vimelea vinakaa kwenye seli zinazofunika mishipa ya fahamu, lakini uharibifu mkubwa wa mikono na miguu mara nyingi unatokea pale kinga inapolipuka ghafla, hata mgonjwa akiwa ndani ya dawa, ndo maana tunampa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, haraka. Watoto wa selimundu nao, kwenye panya wa maabara wenye ugonjwa huo imeonekana seli za kinga zilizo karibu na neva zinaongeza maumivu kwa sabstansi P ile ile. Na kichocho, ambacho kwa watu wanaoingia ziwani kila siku ni jambo la kawaida, mara chache mayai yake yanaishia kwenye uti wa mgongo, seli za kinga zinayazunguka zinajenga uvimbe pale na miguu inakosa nguvu. Hili nalisema kwa sababu: mama akianza kupata ganzi ya miguu yote miwili, kushindwa kutembea, au mkojo na choo kuwa shida, hayo sio maumivu ya kungoja tarehe ya kliniki, ni hospitali siku hiyo hiyo. Baridi yabisi yenyewe pia inaweza kulegeza mifupa ya shingo na kubana uti wa mgongo, kwahiyo maumivu mapya ya shingo yanayoambatana na ganzi ya mikono nayo msiyapuuze.

Sasa dawa. Ile amitriptilini mwambie mama aliyemwandikia hakukosea na hakumwona chizi. Ni kweli ilianza kama dawa ya sonona, na kwa sonona dozi ya mtu mzima inafika miligramu 75 na zaidi kwa siku, wakati kwa maumivu ya namna hii tunaanza na 10 au 25 usiku. Ubongo una njia yake inayoshuka kwenye uti wa mgongo kwenda kukaza zile breki nilizozisema, inatumia noradrenalini na serotonini, na dawa hii inafanya hizo kemikali zikae mda mrefu zaidi pale zinapofanya kazi. Inaleta usingizi, ndo maana inanywewa usiku, mdomo unakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na inataka wiki kadhaa ndo uihukumu. Kama ana shida ya mapigo ya moyo au presha ya macho amwambie daktari kabla ya kuanza.

Methotreksati ni mara moja kwa WIKI, chagueni siku moja mfano Jumapili na isibadilike, na foliki asidi kama alivyoelekezwa. Nimeandika kwa herufi kubwa kwasababu watu wanaimeza kila siku wakidhani wanaharakisha kupona na inaua uboho, inaua mtu. Asiiache kwa kuona maumivu yapo, na asiongeze kwa sababu hiyo hiyo. Diklofenaki za kununua dukani kila siku zinachosha figo na kutoboa tumbo, na kwa maumivu ambayo yameshahamia kwenye uti wa mgongo zinasaidia kidogo sana. Na kama kuna dawa ya unga ya viungo anapewa sokoni inayomfanya ajisikie kijana ndani ya siku mbili, iogopeni, baadhi zinachanganywa steroidi kimya kimya, ila kama keshaitumia mda mrefu asiikate ghafla mwenyewe, aje nayo kliniki.

Kutembea kunasaidia uchovu huu, najua inasikika ajabu kumwambia mtu aliyechoka atembee, lakini kwa wagonjwa wa baridi yabisi mazoezi mepesi ya mara kwa mara yamepimwa na yanapunguza uchovu. Aanze na dakika kumi jioni, kutoka nyumbani kuelekea Furahisha na kurudi, siku akiwa vibaya apunguze asiache, wiki inayofuata aongeze kidogo. Usingizi nao mnaudharau sana, mtu akinyimwa usingizi vizuri sitokaini zinapanda na maumivu ya kesho yake yanakuwa makali, kwahiyo redio ya usiku kucha na simu za saa saba usiku zimpishe.

Kuhusu shangazi, msigombane nae. Mpe nafasi ya kumwombea ndugu yake, alafu mpe na kazi: amfuate mama siku ya kikoba waende wote wawili. Mtu ambaye ubongo wake unamwambia ajifungie ndani anahitaji mtu wa kumshika mkono atoke, na akibaki peke yake wiki baada ya wiki sonona inajenga nyumba. Akianza kusema maneno ya kukata tamaa ya maisha, semeni kliniki waziwazi, inatibika.

Tarehe yake ya kliniki ijayo nenda nae wewe mwenyewe. Ombeni wamwangalie wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyolala vinaleta uchovu huu huu na vinatibika kirahisi, na kama kuna ultrasound ya viungo waangalie kama kuna uvimbe mdogo ambao mkono hauusikii. Na bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, mziweke mezani mbele ya daktari.